Ukingo Mweupe wa Garneti

Jengo la maduka lilikuwa limefurika siku ile utadhani vitu vinagawiwa bure. Ngazi zimejaa, lifti ina foleni, watoto wanalilia aiskrimu. Katikati ya msongamano huo mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya nguzo, jicho kalibandika kwenye kilenzi kidogo, kilenzi kakibandika kwenye jiwe la nguzo. Waliomkwepa walimkwepa, waliomruka walimruka. Yeye wala habari hana.

Sonara mmoja mwenye duka mtaa wa nyuma alikuwa akipita na boksi la hereni za mteja wa ghorofani. Alikuwa mbio, maana huyu bwana alizaliwa na wasiwasi; hata akiwahi alihisi amechelewa. Mguu wake ukamkwaa yule mwanamke, nusura boksi limtoke.

“Samahani, dada! Umedondosha hereni?” Kwa sonara, mwanamke aliyepiga magoti hadharani hana jambo lingine.

“Sijadondosha kitu,” alijibu bila kugeuka. “Nimeona kitu.”

Kabla sonara hajauliza ameona nini, mlinzi wa jengo alikuwa kishafika, rungu mkononi.

“Dada, hapa hairuhusiwi kupima.”

“Sipimi. Naangalia.”

“Hata kuangalia hivyo hairuhusiwi.”

“Mkubwa, msamehe,” sonara akajitosa, asijue ni nini kimemtuma. “Huyu ni ndugu yangu. Macho yanamsumbua.”

“Macho yanamsumbua ndiyo akaja kuangalia nguzo?”

“Ndiyo hivyo. Vitu vidogo havioni, tumeanza na nguzo.”

Yule mwanamke aliangua kicheko hadi akakaa chini kabisa. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya chungwa lenye mifuko miwili mikubwa, na mifuko yote imetuna kwa mawe. Raba zake zilikuwa nyeupe zamani. Alipocheka, sonara alisahau mteja, akasahau ghorofa, na mlinzi naye akaondoka akitikisa kichwa.

“Haya, ndugu yangu,” alisema, akimpa lenzi. “Na wewe angalia.”

Sonara aliinama. Ndani ya jiwe jeusi aliona tone jekundu, jekundu la kukolea.

“Garneti! Kumbe tunapita kila siku kando ya vito!”

“Na nini tena?”

“Wekundu wake safi. Tatizo ina nyufa.”

“Nakuuliza kilichoizunguka. Ule weupe.”

“Ule? Ganda tu lile.”

“Ganda tu!” Alipaza sauti hadi mlinzi akageuka tena. “Kaka yangu, hilo ganda ndilo linanifanya nisilale. Sikiliza. Huu ni mwamba geu. Ulikuwa chini sana, ukapikwa na kubanwa hadi ukageuka. Garneti ilizaliwa huko, ikakaa vizuri na jirani yake yule mweusi. Mwamba ukaanza kupanda, mbano ukapungua, wawili hawa wakashindwana. Wakaanza kulana pale mpakani. Kilichozaliwa kati yao ndiyo huo ukingo.”

“Kwa hiyo ni ugomvi.”

“Ni ugomvi. Na ni mtoto wao pia.”

“Duh! Profesa,” alisema sonara, na jina likamganda tangu siku hiyo, ingawa uprofesa hakuwa nao. Alikuwa mwanafunzi wa jiolojia anayemalizia shahada ya pili, na utafiti wake wote ulihusu kingo hizo nyeupe.

Mteja wa ghorofani alisubiri hereni zake hadi akachoka.

Basi wakapendana, na wakapendana kwa simu kuliko kwa macho, maana mmoja alifungiwa na maabara na mwingine na benchi.

“Umekula, Profesa?”

“Nimekula vumbi. Wewe?”

“Nimekula kiapo kwamba leo sikupigii. Ona sasa.”

“Muongo mkubwa! Ungethubutu?”

“Singethubutu. Haya, nieleze leo umeona nini.”

Hapo ndipo Profesa alipofunguka. Alimweleza jinsi jiwe linavyokatwa kipande, likabandikwa kwenye kioo, likasagwa hadi mwanga ukapita, ndipo likawekwa chini ya hadubini. Alimweleza kwamba ukingo mwembamba huwa unamwonyesha kuwa mwamba ulipanda mbio, na mnene kuwa ulijivuta. Akamweleza kuwa kubwa kuliko yote ni kujua nani kakaa na nani, nani kamgusa nani, na nani kazibwa asimfikie mwenziwe.

“Unanisikiliza?”

“Nakusikiliza wewe tu dunia nzima, mpenzi.”

Na kweli alikuwa akisikiliza, maskini ya Mungu. Alikuwa akisikiliza sauti. Alijua inapanda wapi na inacheka wapi, alijua Profesa akichoka huvuta herufi za mwisho. Ila ukimuuliza maneno yalisema nini, angekodoa macho. Mambo ya miamba yalimpita kama mvua inavyopita juu ya bati.

Na jinsi alivyozidi kumpenda ndivyo wasiwasi ulivyozidi kumtafuna. Mwanamke huyu akishatetea utafiti wake mbele ya watahini, itakuwaje? Migodi itamgombea, vyuo vitamwita, naye ataondoka. Nani aache vyote hivyo kwa ajili ya fundi wa kuunga mikufu iliyokatika? Mchana alikuwa akitazama simu katikati ya kazi. Profesa akichelewa kujibu, joto linampanda. Akijibu kwa kifupi, ndiyo kabisa.

“Ameandika ‘sawa’,” alimwambia dada yake mkubwa, aliyekaa kaunta ya mbele akiuza. “Sawa peke yake. Hakuna mpenzi, hakuna chochote.”

“Labda yuko sawa.”

“Dada, hufahamu. Juzi aliandika ‘sawa mpenzi’.”

“Mdogo wangu, utakufa kwa presha wewe, na wifi yangu utaniachia mjane hata hujamuoa. Mwoe basi tupumzike!”

Dada alisema kwa utani. Yeye akalibeba lile neno zima zima.

Wiki zile, msumeno wa chuo ulikuwa mnene, unatafuna mawe kama mbwa anavyotafuna mfupa. Sonara alikuwa na msumeno mwembamba wa almasi, kwa hiyo Profesa alikuwa akimletea mawe yake amkatie. Siku moja alileta mfuko mzima, akayapanga juu ya benchi, kisha akatoa moja dogo lililofungwa kwenye leso. Lilikuwa na garneti moja kubwa kama punje ya hindi, na ukingo wake mweupe umeizunguka pande zote. Mengine yote mvua ilikuwa imeyala kingo.

“Haya yakate,” alisema. “Hili nitunzie. Nalipenda kuliko yote.”

Akampiga busu la shavu, akakimbilia maabara.

Sasa mwambie sonara kuwa mwanamke anayempenda ana jiwe analolipenda kuliko yote, uone atafanya nini. Angeuliza? Thubutu! Aliona ni kama kafunguliwa mlango. Usiku kucha aliwaza. Asubuhi akalikata jiwe, akaitoa garneti, akaiweka kwenye kinoo, akaanza kusaga. Ule weupe ulitoka kama unga. Wekundu ukajitokeza, ukakolea, hata yeye aliyezoea vito akapiga mluzi. Upande wa chini aliogopa. Garneti ilikuwa na ufa, na ufa ule akiufuata kwa nyuma jiwe lingefunguka vipande. Akauacha mgongo vilevile, na ganda lake na kijipande cha mwamba, akaufunika kwa kikombe cha dhahabu. Masonara wote hufanya hivyo, na hakuna hata mmoja anayemwambia mteja. Mgongo wa jiwe ni siri ya fundi.

Alimwalika mgahawa wa juu ya paa, wenye feni kubwa na vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi. Alivaa shati jipya, na mikunjo ya pakiti bado ilionekana kifuani. Profesa alikuja na gauni jeusi la mikono mirefu, nywele kazibana juu, sikioni hereni alizotengenezewa na yeye. Wiki nzima sonara alikuwa amefanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo. Yalipohitajika, yote yalimkauka. Akasukuma kiboksi hadi chini ya ukingo wa sahani.

Profesa alifungua. Akatabasamu. Kisha akaisogeza pete karibu na jicho, kama alivyozoea kusogeza kila kitu, na tabasamu likaanza kuondoka.

“Hii garneti umeitoa wapi?”

“Kwenye jiwe lako. Lile unalolipenda.”

“Lile la kwenye leso?”

“Hilohilo, mpenzi.”

“Ukingo uko wapi?”

“Nini?”

“Ukingo! Ule weupe, uko wapi?”

“Aa, lile ganda? Nimelisaga lote,” alisema sonara kwa fahari, akiisifia kazi yake kama afanyavyo kwa wateja kila siku. “Lote kabisa. Ona inavyong'aa!”

Profesa aliiweka pete mezani taratibu, kama mtu anayeweka kikombe cha moto.

“Lote,” alisema.

“Si ulisema unalipenda kuliko yote?”

“Nililipenda na ukingo wake! Lilikuwa peke yake lenye ukingo mzima. Nililiacha mwisho makusudi, ili mkono wako uzoee kwa yale mengine, halafu tulikate pamoja. Watahini wanakaa wiki ijayo. Nitawaonyesha nini? Pete?”

“Sikujua...”

“Hukujua!” Macho yalimjaa machozi, na sauti yake, ile sauti, ikateremka mahali ambapo sonara hakuwahi kuisikia ikifika. “Kila siku nakueleza. Kila siku, kwenye simu, hadi betri inakwisha. ‘Nakusikiliza wewe tu dunia nzima.’ Mimi muda wote huo nilikuwa naongea na nani?”

Akachukua pochi, akaondoka. Mhudumu alileta chakula cha watu wawili na kukiweka mbele ya mtu mmoja.

Siku zilizofuata, sonara hakuwa mtu wa kuhesabika. Alipiga simu, ikaita hadi ikakata. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine, akautuma, akajuta. Alimchomea mteja mkufu hadi ukayeyuka. Mlio wowote wa simu, hata wa jirani, ulimrusha kitini.

“Sasa umekaa unaliangalia hilo lisimu,” dada yake alimwambia, “litakuzalia?”

“Amenikataa, dada.”

“Ulimuuliza nini akakukataa?”

Sonara akaigeuza simu kifudifudi.

“Mdogo wangu, kuuliza si ujinga. Mtu kakupa kitu umtunzie, wewe umekifanya cha kwako. Kwa uzuri, kwa mapenzi, sikatai, lakini cha kwako. Mimi pia ningekutupia sahani.”

“Hakunitupia sahani.”

“Basi bado ana adabu. Nenda ukaombe radhi.”

Hapo sonara akapata wazo, na kama kawaida yake, akalikimbilia. Chini ya benchi la sonara huwa kuna trei ya ngozi. Kila kinachodondoka hudondokea humo, maana unga wa dhahabu ni dhahabu. Hakuna kinachotupwa. Akakung'uta trei, akachambua kwa brashi, akapata kijiko kizima cha unga mweupe wa lile ganda. Akautia kwenye kopo la vito, akalifunga na utepe, akaenda nalo chuoni.

Profesa alimkuta mlangoni mwa maabara. Alikuwa na koti jeupe lenye madoa ya gundi, macho yamemwingia ndani.

“Nimekuletea ukingo,” sonara alisema, akihema. “Wote. Sikutupa hata chembe.”

Profesa alifungua kopo, akatazama. Alicheka kidogo, cheko la mtu asiye na nguvu ya kulia.

“Fundi, huu ni unga.”

“Lakini ni uleule.”

“Ni uleule, na haunifai kitu. Chukua familia iliyokaa sebuleni. Baba kakaa pale, mama pale, huyu kamnunia yule, yule kampa mgongo. Ukiingia tu unajua nyumba hiyo ina nini. Sasa wasage wote, niletee kwenye kopo, uniambie ni walewale.” Akalifunga kopo, akamrudishia. “Nilitaka kujua nani kakaa na nani. Ndiyo hicho tu nilichokuwa nakutafutia maneno muda wote huu.”

“Profesa...”

“Nina kazi. Sijakasirika tena, nimechoka tu. Nenda.”

Afadhali angekasirika. Sonara alirudi dukani kwa miguu, kopo mkononi, na safari hii maneno hayakumpita. Nani kakaa na nani. Aliyarudia njiani hadi watu wakamtazama. Baba pale, mama pale. Aliketi kwenye benchi, akaitoa pete, akaigeuzageuza bila sababu, na kidole chake kikagusa sehemu ya chini ya kikombe cha dhahabu.

Akaganda.

Humo ndani, nyuma ya jiwe, alikuwa ameacha mgongo. Garneti, na ganda juu yake, na kijipande cha mwamba juu ya ganda. Hakuna aliyewasaga. Walikuwa wamekaa vilevile walivyokuwa wamekaa.

Furaha ilimdumu kama kufumba na kufumbua, kisha hofu ikaja na mizigo yake. Akimpigia, atamwambiaje? Alimwambia kwa kinywa chake mwenyewe kuwa amelisaga lote. Sasa aseme alikuwa anajisifu? Aseme alidanganya, kama anavyodanganya wateja? Na pengine kilichobaki hakitoshi, amtie matumaini bure, amuumize upya. Tena ule ufa! Mkono ulikuwa kishaanza kuchukua patasi ndogo, aitoe garneti, aikate haraka, ampelekee kitu kilichokamilika.

Akaiweka patasi chini. Akapiga simu. Iliita, ikaita, akawa karibu kukata.

“Haloo.”

“Usikate. Nilikudanganya.”

Akaendelea kabla hajakatiwa:

“Pale mgahawani nilisema nimelisaga lote. Sikulisaga lote. Mgongo niliuogopa kwa sababu ya ufa, nikauacha, nikaufunika kwa dhahabu. Huwa hatusemi. Ganda lipo... ukingo upo, kwa nyuma. Na mwamba kidogo. Sijui kama unatosha. Sijui chochote. Nakuuliza wewe: nifanye nini?”

Upande wa pili alisikia kiti kikisukumwa nyuma.

“Umegusa?”

“Sijagusa.”

“Usiguse kitu. Hata usipumue. Nakuja.”

Alifika na koti lake la maabara, miwani ya usalama imemkaa kichwani, kabeba kichupa cha gundi. Dada mtu alimfungulia.

“Karibu, wifi. Yuko huko nyuma, kakaa kama anasubiri kunyongwa.”

“Asante, wifi,” alijibu Profesa. Neno hilo lilimfikia sonara kule ndani, asijue alichukulie la adabu au la matumaini.

Walifanya kazi bila mazungumzo mengi. Sonara alikunjua ukuta wa kikombe cha dhahabu, polepole, hadi jiwe likaachia. Pete ikabaki na tundu. Profesa aligeuza jiwe chini ya lenzi, akatazama mgongo wake kwa muda mrefu mno.

“Upo?” sonara aliuliza.

“Upo. Mdogo, ila upo.”

Waliliziba kwa gundi ili ufa usifunguke, wakalibandika kwenye kijiti cha mbao, wakasubiri likauke. Kusubiri kule! Sonara alikunywa maji, akayamwaga, akakunywa tena. Kisha Profesa akachora mstari kwa penseli.

“Nikate hapa?”

“Hapo.”

“Una uhakika?”

“Sina. Kata.”

Msumeno uliingia ukilia, maji yakichirizika juu yake. Jasho lilimtiririka sonara hadi kidevuni. Kule kaunta dada yake alikuwa akiomba Mungu kwa sauti, mteja aliyekuwa akichagua bangili akaitikia amina bila kujua anaombea nini. Nusu ya safari, jiwe likalia: tik.

Sonara akasimamisha mkono.

“Limepasuka.”

“Nimesikia. Ukilitoa sasa linafunguka lote. Endelea.”

“Likivunjika?”

“Likivunjika limevunjika na mimi nipo. Endelea, Fundi.”

Akaendelea. Lilipoachana, kipande kimoja kilimwagika mikononi mwake, chembe chembe, wekundu na weupe umechanganyika. Hakikuwa na kazi tena. Kingine kilibaki kizima kwenye kijiti. Ufa ulikikata pembeni na kuishia hapo.

Profesa alikikinga kwa viganja viwili, akakiweka kwenye kisanduku chenye pamba. Hakumkumbatia sonara. Alimshika mkono uliolowa mara moja, akauminya, akaondoka mbio. Sonara akabaki akiutazama mkono wake.

“Imekuwaje?” dada aliuliza.

“Sijui.”

“Hujamuuliza?”

“Nimemuuliza mawe tu.”

“Ama kweli, nina ndugu!”

Simu iliita kesho yake mchana.

“Njoo,” ilisema, ikakatika. Sonara alijaribu njiani kupima ile ‘njoo’ ilikuwa ya namna gani. Haikuwa na mpenzi. Lakini pia haikuwa na ukali. Alifika chuoni bado anaipima.

Maabara ilikuwa na harufu ya mafuta na vumbi la mawe, na mapazia yamefungwa. Profesa alimkalisha mbele ya hadubini bila salamu.

“Angalia.”

Aliangalia. Mwanzoni aliona giza. Profesa akasogeza kichujio kinachogeuza rangi za mawe, mwanga ukaja, na sonara akashtuka hadi akagonga paji la uso kwenye chuma. Garneti, ile aliyoihangaikia wekundu wake, ilikuwa nyeusi tii, kama dirisha la nyumba ambayo wenyewe hawapo. Ukingo haukuwa mweupe hata kidogo. Ulikuwa umejaa vidole, vya kijivu, vya manjano, vilivyopenyana kama mikono ya watu wanaosalimiana, na nje yao jirani yule mweusi alikuwa kageuka buluu na zambarau.

“Huyu wa vidole ndiyo mtoto?” aliuliza.

“Ndiyo huyo.”

“Na hawa wawili hawagusani tena popote. Yeye kakaa katikati pande zote.”

Profesa alimtazama kwa upande. “Endelea.”

“Sasa kama walikuwa wanalana, mbona hawakumalizana? Garneti bado ipo. Kitu gani kiliwazuia?”

Profesa alivuta kiti, akakaa. Tangu wajuane, hilo lilikuwa swali la kwanza la mawe ambalo sonara alikuwa amemuuliza kwa kutaka jibu.

“Mwamba ulipoa,” alisema taratibu. “Na maji yaliyokuwa yanawapitisha yakakauka. Halafu ukingo wenyewe ulipozidi kunenepa, ukawazuia kufikiana. Wakabaki hivyo. Hawakupatana na hawakumalizana.”

Sonara alilitoa jicho kwenye hadubini. Wasiwasi ulimpanda tena toka miguuni.

“Ndiyo sisi hivyo?”

“Usinifanye mimi mwamba, Fundi. Mwamba hauna mdomo. Mimi ninao. Niulize mimi.”

“Nikuulize nini?”

“Jamani! Ulinisukumia boksi chini ya sahani. Mpaka leo hakuna mtu aliyeniuliza kitu.”

Sonara alisimama, akakaa, akasimama tena. Maneno ya mbele ya kioo hakuyakumbuka hata moja.

“Naogopa,” alisema.

“Unaogopa nini?”

“Naogopa utasema hapana. Na ukisema ndiyo, naogopa utaamka siku moja useme mimi niliolewa na mtu gani huyu, asiyejua hata nafanya kazi gani. Nakupenda hadi nashindwa kusikia. Hilo nalo linanitisha.”

“Mimi kesho naingia mbele ya watu wanaosubiri nikosee,” Profesa alisema. “Nina kipande kimoja cha kuwaonyesha, tena kina ufa. Na mimi naogopa. Tukingoja hofu iishe, tutazeeka kila mtu kwao. Uliza hivyohivyo, ukiogopa.”

“Utakubali nikuoe?”

“Ndiyo.”

“Ndiyo?”

“Ndiyo, nimesema! Na hiyo pete nyingine, kabla hujaweka kitu, unauliza kwanza.”

Sonara alimkumbatia, koti la gundi likilinatia lile shati jipya la mgahawani, alilolivaa tena. Profesa ndiye aliyejitoa wa kwanza, akajifuta macho kwa mkono uliojaa vumbi, akajipaka kijivu shavu zima.

“Kesho uje,” alisema. “Ukae mbele. Nikikwama nikuangalie wewe.”

“Sitaelewa yote.”

“Najua. Wewe usikilize tu.”

“Basi anza sasa,” alisema sonara, akavuta kiti karibu na kuizima simu yake. “Nieleze toka mwanzo kabisa.”

Profesa akaanza toka mwanzo, na kila mahali asipoelewa, sonara akamkatiza na kuuliza.